Remoki yetu: tuifunge wapi, tuipakie namna gani

Wamama wapendwa, na ninyi wababa mnaosoma gazeti hili bibi zenu wakishalimaliza,

Juma hili tunaacha kando habari za chanjo na za bei ya unga, tunazungumza juu ya chuma. Wengi mmetuuliza sokoni na njiani: ni kweli remoki ya chama ilianguka? Ni kweli. Tumeona afadhali tuandike wenyewe, maana habari ikitembea kwa midomo inaota miguu minne. Tumesikia hata kwamba mtu alikufa. Hakuna aliyekufa. Mifuko miwili ya mahindi ilipasuka, gurudumu moja lilipinda, na mwenye gari alitukasirikia kwa haki.

Mnakumbuka namna tulivyofika hapo. Mwisho wa mzunguko wa akiba, tulipogawana, tulikubaliana kila mmoja aache kidogo kwenye sanduku ili tununue remoki ya magurudumu mawili. Tulikuwa tumechoka kulipa baiskeli na pikipiki kwa kila mfuko unaotoka mashambani upande wa barabara ya Nyunzu. Tulikuwa tumechoka zaidi kuona wamama wazima wanapanda kilima na muhogo mgongoni na mtoto kifuani. Remoki tuliipata, imetumika lakini shasi yake ni nzima. Gari hatuna. Tulijisemea kwamba gari tutaomba kwa watu wetu, na hapo ndipo shida ilipoingia, ingawa siku ile hatukuiona.

Safari ya kwanza tulipakia mifuko 11. Mifuko yetu ina kilo 80, na remoki tupu ina kilo 220, basi jumla ilikuwa kilo 1100. Mbele tuliweka magodoro na masufuria ya mama mmoja aliyekuwa anahamia mjini, kwa hiyo mahindi yote yalilala nyuma. Vijana walipoinua mkono wa remoki ili kuufunga kwenye gari, mmoja aliuinua kwa mkono mmoja akacheka: "Mama mwalimu, ona, nyepesi kama kikapu!" Tukafurahi. Tulidhani ni baraka. Leo tunajua kwamba pale pale tulipaswa kushusha kila kitu na kuanza upya.

Kwenye mteremko wa kushukia mjini gari lilipata mwendo, na remoki ikaanza kucheza. Kwanza kidogo, kushoto, kulia, kama mkia wa mbuzi. Halafu zaidi. Shofere akakanyaga freni kwa nguvu, na hicho ndicho kitu ambacho kila mtu angefanya. Remoki ikasukuma gari kwa pembeni, kiungo kikaruka, mkono wa remoki ukachimba udongo, ikalala mtaroni. Cheni ya usalama haikuwepo. Binti mmoja wa darasa la tano alikuwa amekaa juu ya mifuko tangu shambani. Alishuka dakika kumi kabla kwa sababu bibi yake alimwita akabebe kuku. Hilo tunaliandika ili kila mmoja alisome, na hatutaliongeza neno.

Baada ya hapo tulikuwa na mikutano miwili mirefu. Tulikwenda pia kwa mafundi watatu wa garaji, kwa sababu fundi mmoja ana neno moja, na mafundi watatu wakikubaliana unaweza kusikiliza.

Swali la kwanza lilikuwa: kwa nini ilicheza? Wengine walisema ni barabara. Wengine walisema ni shofere. Sisi tunaofundisha tulirudi darasani kutafuta jibu. Watoto wetu wa Kalemie wote wanajua kutengeneza gari la waya. Tukawaambia walifunge remoki ya kopo la sadini, magurudumu mawili ya vizibo, na ndani waweke mawe. Tukaegemeza ubao kwenye dawati, tukaachia gari lishuke. Mawe yakiwa mbele ya magurudumu, kopo linafuata gari kama mtoto anayemfuata mama yake. Mawe yakihamishiwa nyuma, mawe yale yale, uzito ule ule, kopo linaanza kuyumba kabla ya kufika nusu ya ubao na kuangusha gari lote. Tulirudia zaidi ya mara kumi, maana darasa zima lilitaka kujaribu.

Sababu yake ni kama ya watoto wawili wanaobembea juu ya ubao uliowekwa kwenye gogo. Magurudumu ya remoki ndiyo gogo. Ukiweka mzigo nyuma, mkono wa mbele unanyanyuka, na badala ya kulikalia gari unalinyanyua kwa nyuma. Magurudumu ya nyuma ya gari yanashika ardhi vibaya. Hapo kishimo kimoja, au upepo, au mkono wa shofere ukitikisika kidogo, mkia unaanza kuyumba, na kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo mkia unavyozidi nguvu.

Mafundi wana kipimo cha hilo, na tunaomba mkiandike kwenye ukuta wa depo. Uzito unaolala juu ya kiungo uwe kati ya sehemu 10 na 15 kwa mia ya uzito wote wa remoki iliyojaa. Remoki ikiwa na kilo 700, juu ya kiungo zilale kilo 70 hadi 105. Kijana mmoja haziinui kwa mkono mmoja huku akicheka. Ukizidi sana hapo ni vibaya pia, kwa sababu nyuma ya gari inakaa chini, mbele inanyanyuka, na usukani unakuwa mwepesi. Mwenye gari dogo aulize kwanza gari lake linaweza kubeba kilo ngapi kwenye kiungo, maana mengine mwisho wake ni kilo 75.

Kupima si kazi ya mhandisi. Baskili ile ile tunayopimia mahindi inatosha. Remoki ikiwa imejaa na imesimama mahali tambarare, weka mawe kwenye magurudumu isitembee, weka kipande cha mti juu ya baskili, kisha laza mkono wa remoki juu yake kwa urefu ule ule utakaokuwa nao kwenye gari. Soma namba. Ikiwa ndogo, sogeza mfuko mmoja mbele. Ikiwa kubwa, rudisha mmoja nyuma. Mara ya kwanza ilituchukua nusu saa. Sasa ni dakika tano.

Swali la pili ndilo lililoleta maneno mengi: tununue kiungo gani? Mafundi wanaita atelaji. Fundi wa kwanza alitaka dola 25. Alisema atachukua chuma cha beto, akipinde kiwe kroshe, akichomelee kwenye pareshoki ya gari, kazi ya saa moja. Wa pili alitaka dola 140, kwa sababu anaweka boriti ya chuma chini ya gari, anaifunga kwa buloni kwenye shasi, kushoto na kulia, halafu kiungo kinakaa juu ya boriti hiyo. Mnaweza kufikiri namna mkutano ulivyogawanyika. Masomo yanafunguliwa, madaftari hayajanunuliwa, na mtu anakuja kusema dola 115 zaidi kwa ajili ya chuma kisichoonekana! Mama mmoja alisimama akauliza kama tunanunua remoki au tunaoa.

Tulikubali maneno yake, na bado tulipinga. Pareshoki ni bati nene. Imewekwa ili kupokea mgongano mdogo, haikuwekwa ili kuvuta. Ukiigusa kwa goti unasikia inavyolia. Inayovuta ni shasi, ile mifupa miwili mirefu inayobeba gari zima. Kiungo kikishika pareshoki, siku ya kwanza kitavuta vizuri, siku ya kumi pia, na siku moja kitatoka pamoja na pareshoki yenyewe, na siku hiyo hatujui nani atakuwa nyuma yake barabarani.

Chuma cha kujengea nyumba nacho si chuma cha kuvutia. Na kiungo kilichotoka kiwandani kisichomelewe moto, kwa kuwa moto unabadilisha ugumu wa chuma mahali usipopaona. Kinafungwa kwa buloni. Hata buloni zina cheo chao: tazama kichwani, utaona namba. Tulitafuta zilizoandikwa 8.8. Zile zisizo na namba tulizirudisha dukani, na mwenye duka alituona wasumbufu. Na tuwe.

Sasa aina zenyewe. Kwa magari kama yanayotusaidia sisi kuna mbili za kufikiri.

Ya kwanza ni tufe la chuma kwenye gari na kofia kwenye mkono wa remoki. Kofia inakaa juu ya tufe na kufungwa kwa klapa. Haina nafasi ya kuchezacheza, haipigi kelele, inafuata gari vizuri kwenye barabara laini. Tatizo lake ni kipimo. Tufe la Ulaya lina milimita 50. Yale yanayotoka Marekani yana vipimo vya inchi: moja lina milimita 47.6, lingine 50.8, na kuna kubwa zaidi la 58.7. Jicho halioni tofauti ya milimita mbili. Kofia ya 50 juu ya tufe la 47.6 inafungika, klapa inalia vizuri, unaondoka na imani, na kwenye shimo la kwanza inaruka. Tulipopima tufe la lile gari la safari yetu ya kwanza, ndivyo tulivyokuta. Hatumlaumu mwenye gari. Alilinunua hivyo, na sisi hatukuuliza.

Tufe linalisha pia. La milimita 50 likifika 49 linabadilishwa, hata kama linang'aa. Fundi anapima kwa dakika moja. Na baada ya kufunga, kuna jaribio ambalo tunataka lifanywe kila safari: weka jeki chini ya mkono wa remoki, uinue. Kama nyuma ya gari inapanda pamoja nao, kofia imeshika. Kama kofia inatoka, safari imekwisha kabla ya kuanza, na tumshukuru Mungu.

Ya pili ni pete na pini, au pete na kroshe nene yenye kufuli. Mnaiona kwenye kamio na magari ya jeshi, na remoki za trakta ndogo za kulimia zinafungwa kwa namna hiyo hiyo. Inagonga, inapiga kelele, mzigo unavuta na kusukuma kwa vishindo vidogo. Lakini kwenye mashimo makubwa, pale gari linapoinama kulia na remoki inainama kushoto, pete inageuka bila kubana, na tufe lina mwisho wake wa kugeuka. Kwa njia zetu za mashambani wakati wa mvua, fundi wa tatu alisema yeye angechukua pete bila kufikiri mara mbili. Sisi pia tulielekea huko.

Kilichotuzuia ni jambo la kawaida kabisa. Magari yanayotusaidia ni matatu. Mawili yana tufe, moja lina kroshe ya pete. Chama kisicho na gari hakichagui kama mwenye gari anavyochagua. Basi tuliamua hivi: mkono wa remoki utobolewe matundu manne, na kiungo kifungwe juu yake kwa buloni, kisichomelewe. Tumenunua kofia ya 50, na pete tumeitafuta kwa mtu anayevunja magari mabovu. Likija gari la tufe tunaweka kofia, likija la kroshe tunaweka pete. Kubadilisha ni kazi ya funguo mbili na robo saa. Yule mwenye tufe la 47.6 amekubali kuliondoa na kuweka la 50 juu ya boriti iliyofungwa kwenye shasi. Chama kimelipa nusu. Mama wa neno la kuoa ndiye aliyepigia kura wa kwanza, tulipomwonyesha kofia ile ikiruka kwenye jeki.

Cheni hatukujadili. Ni mbili, zinapishana chini ya mkono wa remoki kama msalaba, na zinashika boriti ya shasi, si tufe. Zikipishana, kiungo kikitoka mkono unaangukia juu ya cheni kama kitandani, hauchimbi barabara. Ziwe ndefu kiasi cha kuruhusu gari kupiga kona, fupi kiasi cha kutoburuta chini. Bei yake ni ndogo kuliko mfuko mmoja wa mahindi. Na remoki ikishapakiwa itazame mbele sawasawa. Ikinyanyua pua, teremsha kiungo, kwa kuwa pua ikiwa juu uzito unakimbilia nyuma tena.

Tumesoma kwamba Ulaya na Marekani kuna watu wanaovuta nyumba ndogo za magurudumu, wanakwenda kulala ndani yake wakati wa likizo. Kwa hizo wanauziwa vyuma vya kugawa uzito hadi magurudumu ya mbele ya gari, na vingine vya kuzuia mkia usiyumbe. Ni vizuri, lakini hata wao wanaonywa kwamba chuma hicho hakiponyi remoki iliyopakiwa vibaya. Kwa mzigo wetu mdogo hatukuona sababu ya kuvitafuta. Kitu kimoja cha Ulaya tumekichukua bila aibu: kule, remoki isiyo na freni zake yenyewe hairuhusiwi kupita kilo 750. Yetu haina freni. Basi sisi tumeweka kilo 700, yaani mifuko 6 ya kilo 80. Si 7, hata kama shambani umebaki mmoja tu na mwenyewe analia.

Sisi wa somo la historia hatukuweza kupita bila kukumbuka mzigo mwingine uliowahi kufungwa nyuma ya gari ili ufike hapa kwetu. Mwaka 1915, wakati wa vita, Waingereza walileta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, hadi hapa Lukuga. Zilifika Fungurume kwa treni kutoka kusini. Kutoka hapo, Agosti na Septemba, zilivutwa juu ya remoki kupitia milima ya Mitumba hadi Sankisia, na magari mawili ya mvuke pamoja na makundi ya ng'ombe, juu ya madaraja zaidi ya 150 yaliyojengwa njiani. Kisha treni hadi Bukama, mto Lualaba, na treni tena kutoka Kabalo hadi ziwani. Tarehe 26 Desemba zilikamata meli ya Wajerumani, Kingani. Watoto wanapenda sehemu ya mizinga. Sisi tunapenda kuwauliza: kwenye mteremko, nani alikuwa anashikilia mashua isiyasukume magari ya mvuke? Mzigo unaovutwa kupanda ndio ule ule unaosukuma kushuka, na kiungo kinafanya kazi mbili.

Ndiyo maana tumezungumza na mashofere wote watatu, na wamekubali haya. Kabla ya mteremko, gia ndogo, si katikati ya mteremko. Remoki ikianza kucheza, ondoa mguu kwenye gesi, shika usukani sawasawa, usiupigishe huku na huku, usikanyage freni kwa ghafula, acha mwendo upungue wenyewe. Kuna wanaosema uongeze gesi ili remoki inyooke. Hapana. Mkia unaoyumba ukiuongezea mwendo unauongezea nguvu. Remoki ikishatulia, simama pembeni, teremsha mifuko, upange upya. Shofere atakayeona aibu kusimama atafute chama kingine.

Na hakuna mtu atakayepanda juu ya remoki. Wala mtoto, wala mgonjwa, wala mama mwenye miguu iliyochoka. Tunajua ni neno gumu kwa anayetoka shambani jioni na kilometa nyingi mbele yake. Watu wakae ndani ya gari, na nafasi ikiisha, gari lirudi mara ya pili. Mafuta ya safari hiyo ya pili yatatoka kwenye sanduku la msaada. Mkutano umekwisha kukubali.

Remoki imetengenezwa. Gurudumu limenyooshwa, cheni zipo, nyuma tumepaka rangi nyeupe na kufunga vioo vyekundu ili ionekane usiku. Ndani, juu ya sakafu, tumechora mstari mwekundu mbele kidogo ya magurudumu: mifuko minne ya kwanza inalala mbele ya mstari, miwili nyuma yake, kisha baskili inasema kama ni sawa. Anayehitaji remoki amwone mweka hazina siku moja kabla, aseme gari gani litavuta, ili kofia au pete iwe tayari. Safari ya kwanza ni Jumamosi saa moja asubuhi, mahindi ya wamama wanne, na kuku watasafiri ndani ya gari.